Sifa kwa Aliyejua Kupiga Picha ya Sikio

Kwetu bibi hakutegua wala kutega kabla hajaitikiwa. Alisema "Kitendawili!" kisha akanyamaza, mpaka sauti ndogo gizani ijibu "Tega!" Nusu ya hadithi ni ya msimulizi, nusu ya pili ni ya anayemwitikia.

Nusu hiyo ya pili niliiona kwenye filamu ya Euzhan Palcy, binti wa Martinique aliyekwenda Paris mwaka 1975 kusoma. Mwaka 1983, akiwa na miaka 25, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, La Rue Cases-Nègres, kutokana na riwaya ya Joseph Zobel ya mwaka 1950. Ni kisa cha José, mtoto anayelelewa na bibi yake kwenye vibanda vya wakata miwa huko Martinique, miaka ya 1930.

Usiku, José hukimbilia kwa Mzee Médouze. Wanaketi motoni, mzee anatega, mtoto anategua. Kisha vitendawili vinaisha, na mzee anaanza kusimulia aliyorithi kwa baba yake: Afrika walikonyakuliwa wazee wao, furaha ya kutangaziwa uhuru kutoka utumwani, na mshtuko wa kukuta ardhi yote ingali mikononi mwa mabwana walewale, wakarudi kukata miwa.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa Palcy. Angeweza kutuonyesha majahazi, minyororo, au vijiji vya Afrika. Hakufanya hivyo. Aliiacha Afrika ikae ilimosalia: katika sauti ya mzee na macho ya mtoto anayeisikiliza. Rangi ya filamu nzima ni ya kahawia, kama picha iliyotunzwa sandukuni. Na Médouze, mwenye kuililia Afrika asiyoijua, aliigizwa na Douta Seck wa Senegal. Bara lenyewe likaja kuketi pale motoni.

Filamu ilipata tuzo ya Simba wa Fedha huko Venice. Mimi naikumbuka kwa jambo dogo zaidi. Médouze anafia shambani, katikati ya miwa, na José anaondoka kwenda kusoma Fort-de-France akiwa amevibeba vibanda vile moyoni. Aliyeitikia sasa ndiye atakayesimulia.

Nilipoitazama tena juzi, mzee akamtegea mtoto. Nikajisikia, peke yangu sebuleni, nikijibu: "Tega."