Nani Ausome Mswada Kabla ya Wino?

Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi, akishaipita Tengeru na kabla hajafika Usa River, hupita Makumira. Hapo ndipo Walutheri walipokihamishia chuo chao cha teolojia mnamo mwaka 1954, na hapo ndipo kilipo leo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Mpenzi wa ushairi aliyeko visiwani huenda akauliza Makumira pana nini cha kumhusu. Tangu mwaka 1968 chuo hicho kilitoa jarida la teolojia, Africa Theological Journal, likahaririwa chini ya mlima Meru, mbali na Nairobi na Dar es Salaam kulikokuwa na mashirika makubwa ya vitabu. Makala ya jarida la namna hiyo hayafiki mtamboni ila yamepita kwanza mbele ya macho ya wahariri. Lakini mwanafunzi wa Makumira, au wa chuo kingine chochote nchini, akitunga mashairi yake arobaini, hayuko wa kumpitishia. Huyapeleka steshenari asubuhi, yakapigwa taipu, yakafungwa kwa pini, na kabla ya magharibi yamekuwa diwani.

Wako wanaomcheka mwanafunzi huyo, na wako wanaomshangilia kwa kuwa amejikomboa kutoka mikononi mwa wachapishaji. Wote wawili wamelitazama jambo kwa upande wa fedha tu: nani kalipa. Kiswahili chenyewe kimelitazama kwa upande mwingine. Lugha yetu hupambanua kuchapa na kuchapisha. Mchapaji ni mwenye mtambo; kazi yake ni wino na karatasi. Mchapishaji ni yule asababishaye kitabu kichapwe, na katika kusababisha huko mna kuchagua, kusoma, kuhariri, kusahihisha taipu, kutafuta namba ya kitabu kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, kutangaza na kufikisha dukani. Kwa hiyo mtungaji anayelipa kwa mfuko wake hakumkimbia mchapishaji. Yeye mwenyewe amekuwa mchapishaji, na wajibu wote wa cheo hicho umemwangukia, aujue asiujue.

Mji wa Arusha una historia yake katika mjadala huu. Mwaka 1984 na tena mwaka 1996 ulipokea semina za uchapishaji wa vitabu barani Afrika zilizosimamiwa na Wakfu wa Dag Hammarskjöld wa Sweden, na Februari 1998 waandishi na wachapishaji wa Kiafrika wakakutanishwa huko huko wazungumze uso kwa uso. Kiini cha mazungumzo kilikuwa mapatano mapya baina ya pande mbili hizo: mikataba, mrabaha, haki za kazi. Mazungumzo hayo yalihitajika sana, maana malalamiko ya waandishi kuhusu mrabaha usiofika yalikuwa, na yangali, ya kweli. Hata hivyo mapatano huhitaji watu wawili. Leo pande mbili zile aghalabu zimo ndani ya mtu mmoja, naye hana wa kupatana naye.

Wala isidhaniwe kwamba njia ya zamani ilikuwa na usalama. Mfano mmoja umetoka Meru yenyewe. Kirilo Japhet, aliyekwenda New York mwaka 1952 kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa baada ya kufukuzwa kwao Engare Nanyuki, aliandika kisa hicho pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Kitabu, The Meru Land Case, kilitolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967, kwa Kiingereza. Nyumba hiyo ya vitabu haipo tena. Ushuhuda mkubwa wa watu wa mlima ukategemea uhai wa kampuni iliyokuwa nchi nyingine. Na hayo hayakuwapata Wameru peke yao. East African Literature Bureau, iliyotoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963 na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965, ilikuwa chombo cha ushirikiano wa Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 nacho kikavunjika, na Kenya ikarithi sehemu yake kwa jina la Kenya Literature Bureau. Mtungaji wa Dodoma anapouliza mwenye haki ya kukichapisha upya kitabu cha namna hiyo ni nani, huulizia mirathi iliyokwisha kuvuka mipaka.

Kwa upande wa riwaya, waliojichapishia hawakosi sifa. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko, akatoa humo riwaya zake zilizosomwa hata ndani ya mabasi. Dar es Salaam Usiku ikapata baadaye, mwaka 1999, tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na mchapishaji wa Nairobi. Enock Maregesi naye aliitoa Kolonia Santita mwaka 2012 kwa AuthorHouse, kampuni ambayo mwandishi huilipa ili kitabu chake kitoke, na mwaka 2015 akawa miongoni mwa washindi wa kwanza wa Tuzo ya Mabati-Cornell. Riwaya hustahimili. Neno likikosewa ukurasa wa hamsini, msomaji huruka akaendelea kumfukuzia jambazi.

Ushairi haustahimili hivyo, na hapa ndipo shida ilipo. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane na nane, huvunjika kwa silabi moja. Mpiga taipu, au kompyuta inayopiga mstari mwekundu chini ya kila neno isilolijua, akiligeuza “kwenda” kuwa “kuenda”, mizani mbili zimekuwa tatu. Akiliona “nambiya” akadhani ni kosa, akaandika “niambie”, ameongeza mizani na ameua kina kwa pigo moja: “ya” imekwenda, imekuja “e”, na beti nzima imebaki kama mlango uliong’olewa bawaba. Aliyefanya hivyo hakukusudia ubaya, alikuwa akisahihisha.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba mchapishaji ana mhariri. Mhariri gani? Aliyefunzwa Kiswahili sanifu cha shuleni tu, asiyepata kuisikia lahaja ya Tumbatu wala ya Mvita, huweza kumdhuru mtungaji kuliko mpiga taipu, kwa kuwa makosa yake yana mamlaka. Kimbunga ya marehemu Haji Gora Haji ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994 ikiwa na maneno ya visiwani ndani yake, ikasomeshwa shuleni, na wanafunzi wa bara wakalazimika kuyauliza maneno hayo. Mohammed Ghassani naye alishinda upande wa ushairi katika tuzo ile ya mwaka 2015 kwa diwani aliyoiita N’na Kwetu, na jina halikunyooshwa likawa “Nina Kwetu”. Panapokuwa na jicho linalojua, lahaja hupita salama.

Na jicho hilo halikuzaliwa pamoja na makampuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, hakuwa na mchapishaji. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu, zikakusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na Taylor, na zikatoka kitabuni mwaka 1940 kwa uhariri wa Hichens, Johannesburg. Katika muda huo wa karne nzima walioyahifadhi waliyachuja pia: beti legelege haikai kifuani. Watungaji wa mwambao walizoea kujibiwa shairi kwa shairi, na aliyekosea kina alijulishwa kabla kahawa haijapoa. Ulikuwa uhariri mkali kuliko wa ofisi yoyote, ingawa, ni haki kukiri, ulikuwa pia na husuda zake.

Mtungaji aliyeko Makumira hana baraza hiyo. Jirani yake huenda ni Mmeru au Mwarusha, naye Kiswahili ni lugha yake ya pili. Vina huvisoma kitabuni, havisikii kibarazani. Kampuni za vitabu haziharakishi kumwendea, kwa sababu diwani isiyokuwa katika orodha ya shule ni mzigo wa ghalani, na tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe kwa Taasisi ya Elimu Tanzania katika miaka ya 2010 wachapishaji binafsi wamepungukiwa na faida iliyokuwa ikibeba vitabu visivyouzika. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imefungua mlango, lakini mlango wa tuzo hupitisha wachache kwa mwaka. Basi si haki kumlaumu kwa kwenda steshenari. Alikuwa aende wapi?

Lawama inayomstahili ni kwamba alikwenda siku ile ile. Gharama ya kupiga chapa nakala mia aliitafuta kwa miezi. Msomaji mmoja wa kumhesabia mizani hakumtafuta hata jioni moja. Wasomaji hao wapo. Wako Tanga na Pangani, wako Unguja na Pemba, wazee kwa vijana, ambao wangeusoma mswada wa mgeni bure na kuurudisha ukiwa mwekundu kwa kalamu, na simu aliyonayo mfukoni ingemfikisha kwao kabla ya magharibi ile ile ambayo diwani yake ilikuwa ikifungwa kwa pini.