Shogi la Pikipiki na Taa Iliyowekwa Kando: Uhakiki wa Karatasi ya Maelekezo

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu, karatasi za maelekezo ya ufundi ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Hotuba hupitiwa mara tatu, na sheria mara tano. Bali karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vipuri hufasiriwa na yeyote aliye karibu. Hivi karibuni mwalimu mmoja wa ufundi alituletea karatasi ya namna hiyo, iliyofungwa pamoja na mifuko miwili ya ngozi ya kuning'inizwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma la pikipiki. Inaeleza kazi mbili: kufunga mifuko, na kuhamisha taa za nyuma za kuonyesha upande, ambazo zikiachwa mahali pake zitafunikwa na mifuko hiyo. Sarufi yake haina kasoro kubwa. Hata hivyo tumeona ifaa kuihakiki hapa, kwa sababu fundi akiifuata kama ilivyo atafanya kazi ya hatari.

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kuijua kazi yenyewe. Katika pikipiki nyingi taa hizo husimama juu ya vijiti vifupi, moja kila upande wa madigadi ya nyuma, karibu na shokapu. Hapo ndipo mfuko unapotakiwa kukaa. Kwa hiyo fundi huzifungua, huzirudisha nyuma zaidi, hurefusha nyaya na kuziunga upya. Mifuko nayo haina budi kuwa mbali na tairi, cheni na joto la ekzosi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki zinazoendesha magari upande wa kushoto wa barabara, mwendesha pikipiki anayekata kulia hupita mbele ya kila anayetaka kumpita. Dereva wa lori aliye nyuma yake huitegemea taa hiyo. Taa isipoonekana, dereva huanza kupita wakati uleule ambapo mwenzake anaanza kukata.

Sasa tuyatazame maneno. Karatasi inaiita mifuko hiyo "mifuko ya tandiko". Mfasiri amefuata Kiingereza neno kwa neno. Kwa Mswahili, tandiko ni la kitanda au la punda. Anachokalia mwendesha pikipiki ni kiti. Msomaji atadhani ameuziwa foronya. Na jambo la kusikitisha ni kwamba lugha yetu ina neno la kitu hichohicho. Watu wa pwani waliobebesha punda mizigo walikiita shogi: mfuko mpana wa ukili unaolazwa mgongoni mwa mnyama, ukawa na tumbo huku na tumbo huku, mzigo ukalingana pande mbili. Neno limo katika kamusi ya Johnson iliyochapishwa mwaka 1939. Mifuko ya ngozi iliyounganishwa kwa mikanda inayopita chini ya kiti ni shogi, wala haihitaji jina jingine.

Wenzetu wengine watasema kwamba vijana hawalijui neno hili. Ni kweli kwamba wengi hawalijui; lakini neno la zamani lenye kitu chake hufundishika upesi kuliko neno jipya lisilo na kitu. Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Shogi ni kitu kimoja chenye pande mbili, ilhali pikipiki nyingine hufungwa visanduku vigumu viwili, kila kimoja kikitolewa peke yake. Hapo tunakubali kwamba shogi halifai, nasi tunapendekeza "sanduku la ubavuni".

Pili, taa zenyewe zimeitwa "ishara za zamu". Kosa hili halihitaji maelezo marefu: mfasiri amefungua kamusi, akakuta neno la Kiingereza lenye maana ya kugeuka na ya zamu, akachagua isiyohusika. Linalohitaji maelezo ni tabia yetu wenyewe wanaistilahi. Tukiona kosa kama hili hukimbilia kuunda: "kiashiriageuko", "taa-elekezi" na kadhalika. Fundi, dereva na utingo wote wanasema indiketa, nalo limekwisha kubali sarufi yetu. Sioni haya kulipokea. Sisi sote katika ofisi hii hulitumia tukiwa barabarani.

Tatu ni nyaya. Karatasi inaagiza "waya wa ardhi" ufungwe kwanza. Katika pikipiki hakuna waya unaokwenda ardhini. Umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia fremu au waya wake maalumu, na mafundi huuita waya wa ethi. Kisha karatasi inautaja kuwa ni "wa kijani", pasipo kuongeza lolote. Katika pikipiki nyingi za Honda waya wa kijani ndio ethi, wa rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, na wa samawati ni ya kulia. Katika nyingi za Yamaha ethi ni mweusi, wa kahawia ni wa kushoto, na wa kijani kilichoiva ni wa kulia. Fundi wa Yamaha akiufunga waya huo kwenye fremu, fyuzi itaungua mara indiketa ya kulia itakapowashwa. Hapa mfasiri hana budi kutaja pikipiki gani, na kijani gani.

Kosa kubwa kuliko yote tumeliacha mwisho. Sentensi inayohusu kuhamisha taa imeandikwa hivi: "Ishara za zamu za nyuma ziwekwe kando." Kwa Kiswahili, kuweka kitu kando ni kukiacha, kukiondoa katika shughuli. Fundi mtiifu atazifungua taa, atazitia katika boksi, na pikipiki itaondoka na shogi zuri bila indiketa za nyuma. Wala hatakuwa na kosa. Atakuwa amesoma vyema.

Kitenzi kinachotakiwa ni "kuhamishia". Tunasisitiza hiyo -i-, kwa kuwa haikubali kusimama peke yake. Ukisema "hamisha taa", sentensi imekwisha. Ukisema "hamishia taa", msikilizaji hungoja kuambiwa wapi. Mnyambuliko huu humlazimisha mfasiri kulitafuta jibu, nalo jibu lipo: pande mbili za kibao cha namba, nyuma ya ncha ya mfuko. Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za pikipiki inataka indiketa za nyuma ziachane kwa angalau milimita 180, na ziwe kati ya milimita 350 na 1,200 kutoka chini. Zikikaribiana mno, aliye mbali hawezi kujua ni ipi inayowaka. Tena zimulike mara 60 hadi 120 kwa dakika. Fundi akibadilisha balbu, na ahesabu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Shogi (ma-): mifuko miwili iliyounganishwa, ya kuning'inizwa juu ya gurudumu la nyuma.
2. Sanduku la ubavuni: kisanduku kigumu kinachofungwa upande mmoja.
3. Indiketa: taa ya kuonyesha upande wa kugeukia.
4. Waya wa ethi: waya wa kurudishia umeme.
5. Kuhamishia: kutoa kifaa mahali pake na kukifunga mahali pengine palipotajwa.

Katika mapendekezo haya matano hatukuunda neno hata moja. Moja limetoka kwa wenye punda, mawili kwa mafundi, na mengine katika Kiswahili cha kila siku. Mfasiri wa karatasi ile hakukosa kamusi. Alikosa kwenda gereji na tafsiri yake mkononi, akamsomea fundi, kisha akatazama mikono yake inafanya nini. Tunawaomba walimu wa ufundi wawasomee wanafunzi wao mapendekezo haya mbele ya pikipiki yenyewe, na watuandikie pale ambapo mikono itasita.