Kazi Zinazongoja: Jinsi ya Kuchagua Programu ya Miradi Yako

Chukua mradi mmoja wa kawaida kwa sisi tunaoishi Buxton, hapa Mombasa, huku nyumba ya ukoo ikiwa Mji wa Kale: kutengeneza roshani iliyooza. Kuna kupima, kutafuta seremala, kununua mbao, kuchanga pesa na ndugu. Juu ya hayo, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hivyo sura ya nje ya nyumba haibadilishwi bila idhini. Kazi hizi nilitaka zikae kwenye simu, na kabla ya kupakua chochote nilijiuliza mradi wa aina hii hukwama wapi.

Haukwami kwa kusahau. Hukwama kwenye kungoja: kibali hakijatoka, fundi yuko kazi nyingine, mchango wa kaka haujafika.

Hapo ndipo programu nyingi zinaposhindwa. Zinakupa orodha, tarehe ya mwisho na kengele, kana kwamba tatizo la kila mtu ni kumbukumbu. Ukiandika “fuatilia kibali”, kazi hiyo inakukodolea macho kila asubuhi ilhali huna la kufanya. Kazi za namna hiyo zikiwa tano au sita, jicho linazoea kuziruka, na linaruka pamoja nazo ile moja iliyofaa kufanywa leo. Kinachohitajika ni tarehe ya kuanza: kazi ijifiche, kisha ijitokeze yenyewe siku ya kwenda kuuliza. Google Tasks, iliyo nyepesi na ya bure, haina kitu hicho.

Trello, iliyoanza mwaka 2011, hutumia ubao wenye safu na kadi, na unaweza kutenga safu ya “zinazongoja”. Kwa kikundi ni chombo kizuri sana. Lakini seremala wangu hatafungua Trello. Yeye hunitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp na picha ya boriti iliyoliwa na mchwa. Basi kusogeza kadi kunabaki kwangu peke yangu, na hiyo ni kazi juu ya kazi.

Kigezo changu cha pili ni uhai wa programu, nacho nakipa uzito kuliko uzuri wa sura. Wunderlist, iliyotengenezwa Berlin, ilipendwa na mamilioni ya watu. Microsoft ikainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Watumiaji walielekezwa Microsoft To Do. Kabla yake Astrid ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2013 na kufungwa mwaka huohuo. Tofauti ni kwamba msimbo wa Astrid ulikuwa wazi kwa umma. Mwanaprogramu mwingine aliuchukua akauendeleza, na kutoka humo ikatoka Tasks.org, ambayo ipo hadi leo.

Hiyo ndiyo niliyoichagua. Inafanya kazi kwenye simu ya Android bila kufungua akaunti, na kazi zinakaa ndani ya simu yenyewe, hivyo bando likiisha orodha iko palepale. Ina tarehe ya kuanza. Inaruhusu kazi ndogo chini ya kazi kubwa, kwa hiyo “mbao” inabeba vipimo, bei na usafiri bila kutapakaa. Nakala ya akiba inatoka kama faili unayoweza kujitumia popote.

Ina kasoro pia. Mipangilio yake ni mingi na inamchosha mgeni. Ukiiunganisha na Google Tasks ili uone kazi zako kwenye kompyuta, njia ile hubeba tarehe tu, haibebi saa. Miadi ya saa nne na fundi iweke kwenye kalenda. Na kama mnaendesha mradi watu watano wote wenye kompyuta mezani, rudini kwa Trello.

Kabla hujaamua, fanya jaribio hili. Ingiza kazi za mradi wako halisi, zikiwemo zinazomngoja mtu mwingine. Zima data na uone kama unaweza kuongeza na kufuta. Kisha tafuta mahali pa kutoa nakala, uitoe, uifungue faili uisome. Programu isiyokuruhusu kuondoka na kazi zako usiipe mradi unaoujali.