Maji ya Moto na Sitara ya Mwenye Kukoga

 

Limeingia katika nyumba zetu za mwambao jambo la kusafiri kwenda kukoga maji ya moto. Zamani habari ya maji yanayochemka chini ya ardhi ilikuwa ya vitabu vya shule. Leo maarusi hupelekwa huko kumalizia fungate, na watu wazima wenye maradhi ya viungo huambiwa na majirani, "Nenda kajiloweke, utapona." Hapa kwetu Vigwaza tuna mizani ya malori, tuna barabara ya Morogoro, na mto Ruvu hauko mbali, chemchemi ya moto hatuna. Lakini mabasi hupita mlangoni petu usiku na mchana, na mchango wa safari hukusanywa mpaka katika vikundi vya akina mama wa madrasa. Basi huniuliza: "Sheikh, yafaa au haifai?" Wanataka neno moja. Neno moja hapa halitoshi, na mwenye kulitoa upesi huenda akawadhulumu watu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111 Miladia, ameweka mlango mzima wa adabu za hamamu katika Ihya Ulumid-Din, pale anapozungumza juu ya tohara. Anataja kwamba Masahaba waliingia hamamu za Sham, na kwamba walihitilafiana. Mmoja aliisifu hamamu kuwa ni nyumba njema, kwa kuwa husafisha mwili na humkumbusha mtu Moto. Mwingine aliilaumu kuwa ni nyumba mbaya, kwa kuwa hufunua tupu na huondoa haya. Tazameni, nyumba ni hiyo hiyo moja, na maji ni hayo hayo. Aliyesifu alitazama faida na aliyelaumu alitazama hatari, na Imam akafuata njia ya kati: faida itafutwe na hatari izuiliwe. Kisha akaorodhesha ya wajibu: mtu asitiri tupu yake isionwe, asiiache ikaguswa na mkono wa msuguaji, ainamishe macho yake asitazame ya wengine, na amkataze mwenye kujifunua. Akaongeza kwamba mtu asimwage maji ya moto zaidi ya haja.

Maji yenyewe hayana mzozo, nami nitayapitia upesi. Mwanafunzi aliyesoma Matn ya Abu Shujaa anajua kwamba maji ambayo Mashafii wameyaita makuruhu ni yale yaliyopashwa na jua, nayo kwa sharti zake. Yaliyopashwa na ardhi si hayo. Wala harufu ya kiberiti na rangi ya madini hayayatoi katika utohara, maana ndipo mahali pake na ndimo anamopita. Ila yakiwa makali ya kuchoma, hapo ni karaha kuyatawadhia, kwani mtu hatakamilisha viungo. Nabii Ayyub (a.s.) naye, kama tunavyosoma katika Sura Sad, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kukoga na ya kunywa. Yale yalikuwa ya baridi. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani baraka iko katika moto wa maji.

Katika uponyaji watu wamepindukia. Maji ya joto hulegeza misuli na hutuliza maumivu ya magoti na mgongo. Hilo waganga wa hospitali hawalipingi. Lakini kuna wanaosema hutibu kisukari, utasa na hata husuda. Kule Kitagata, magharibi ya Uganda, chemchemi moja watu wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala, kwa kuamini kwamba kazi yao ni moja. Mzaha huo ni mzuri, ila mwenye presha, mwenye moyo mbovu na mwenye mimba wasiufanye kuwa dawa bila ya kumwuliza daktari. Joto jingi la muda mrefu lina madhara kwao.

Sasa nije penye lawama yangu. Mfano mashuhuri katika Afrika Mashariki uko Olkaria, karibu na Naivasha, Kenya. Hapo Wakenya walianza kupata umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na mwaka 2013 kampuni ya KenGen ikafungua mahali pa kukoga. Kinachofanyika ni hiki: mvuke ukipanda kutoka kisimani hutoka pamoja na maji ya moto yenye chumvichumvi na madini. Mvuke huenda kuzungusha mitambo, na maji hutengwa. Maji hayo yaliyotengwa hupoozwa na kuletwa katika ziwa la kujengwa, rangi yake buluu ya maziwa, na watu wakajilaza humo. Mtindo huo ulitangulia Iceland, penye mtambo wa Svartsengi ulioanza mwaka 1976, ambapo maji yaliyotoka mtamboni yalifanya ziwa nje, mpaka pakawa mahali panapojulikana dunia nzima kwa jina la Blue Lagoon.

Kwa upande wa ufundi nawasifu. Wamechukua kitu kilichokuwa cha kutupwa wakakifanya manufaa, na hilo lapatana na lile aliloliusia Ghazali juu ya kutopoteza maji ya moto. Tena mbuga iliyo jirani huitwa kwa Kiingereza Hell's Gate, yaani Mlango wa Jahannamu. Yule Sahaba aliyeisifu hamamu kwa kuwa hukumbusha Moto angelipata hapo ukumbusho bila ya kuutafuta.

Lakini mjenzi wa mahali kama hapo hujenga na mkogaji wake akilini, na ukitazama jengo unamjua ni nani. Ziwa ni moja, liko wazi, wanaume na wanawake ndani yake. Mkogaji aliyekusudiwa ni mtu mzima wa afya, ametoka mjini, havioni vibaya vazi dogo na macho mengi. Bibi yetu wa miaka 65 ambaye magoti yamemkaza hata sijda anaitoa juu ya kiti, hakufikiriwa. Na si Olkaria peke yake. Ni mtindo wa zama, umeenea hata hotelini kwetu.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa, nami naomba msomaji anisikilize. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Masahaba kuwa watazifungua nchi za wasio Waarabu na watakuta humo nyumba ziitwazo hamamu, wanaume wasiingie ila kwa shuka, na wanawake wazuiliwe, isipokuwa mgonjwa au mwenye nifasi. Wanazuoni wa Hadithi wamesema sanadi yake ina udhaifu, na sitaificha kauli yao. Hata hivyo maana yake mafakihi wameishughulikia, na Ghazali mwenyewe amewavua mgonjwa na mwenye nifasi katika karaha hiyo. Basi hao wawili ndio waliofunguliwa mlango na sharia. Katika mabwawa ya leo ndio waliofungiwa! Aingiaye ni mzima, na abakiye nje ni mgonjwa.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, mahali ambapo sitapataja. Nilifuatana na ahali yangu ambaye magoti humsumbua kila masika. Tulilipa kiingilio mlangoni, wote wawili. Ndani kijana akatuambia kwamba kanga haziruhusiwi majini, wala baibui, wala dera, zinachafua maji. Akatuonyesha mavazi ya kukodisha, na kila moja lingeenea kiganjani. Mke wangu akamtazama, akasema, "Mwanangu, mimi ni mama yako." Kijana akaona haya, na kwa kweli alikuwa na adabu, kosa halikuwa lake. Akamletea ndoo ya yale maji nyuma ya jiko, akaketi juu ya kreti la soda, akatia miguu. Kiingilio kizima kwa ndoo moja.

Ile hoja ya usafi siidharau. Nguo iliyotoka barabarani na vumbi lake haifai kuingizwa katika maji ya watu. Lakini hamamu zililijua hilo tangu zamani: shuka safi ulipewa mlangoni, ukairudisha ukitoka. Jawabu lilikwisha kupatikana kabla hatujazaliwa.

Nalo halikuwa mbali nasi. Mji Mkongwe wa Unguja una mtaa uitwao Hamamni, kwa sababu ya hamamu ya watu wote aliyoijenga Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala baina ya 1870 na 1888. Ilikuwa na vyumba vya baridi na vya joto, na maji ya kupashwa. Ilikoma kazi mwaka 1920, na leo ni mahali pa watalii kupita na kutazama mawe makavu. Kabla yake baba yake, Sayyid Said, alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Na binti wa Sayyid Said, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza nyumba za kukogea za Mtoni alikokulia. Watu hao hawakuwa na umeme. Walikuwa na kuta nene, dirisha juu ya paa, na mlango unaofungwa. Katika miji ya Misri na Sham, penye hamamu moja tu, wake walipewa saa zao na waume zao, na saa ya wanawake ikifika kitambaa hutundikwa mlangoni. Mwanamume akikiona hugeuka. Kitambaa hicho ni gharama gani?

Wenye jamaa Oman watakuwa wamesikia Ain al-Kasfa, katika mji wa Rustaq alikozikwa Imam Ahmad bin Said. Maji yake yana joto la kiasi cha nyuzi 45 na yana kiberiti. Pamejengwa vyumba vya kukogea, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali. Mzee hujikogea, hutoka, huvaa kanzu yake akaenda sala. Mtu akisema hao ni Waarabu na dini yao, nitampeleka Japani. Huko chemchemi za moto ni nyingi kupita hesabu, na nyumba za kukogea, isipokuwa chache, zimegawanywa: mlango huu wa wanaume, mlango ule wa wanawake, na pazia la kitambaa juu ya kila mmoja. Ndani wao hukaa uchi kwa wenzao, jambo ambalo sisi hatuna ruhusa nalo, maana baina ya kitovu na magoti kustiriwa ni lazima hata mtu akiwa na jinsia yake. Lakini kugawa wamegawa, na wala biashara haikufa.

Nina neno na wanaume wenzangu pia. Sura An-Nur, aya ya 30, imeanza na sisi kuamrishwa kuinamisha macho. Wanawake wamefuata katika aya ya 31. Mume humkataza mkewe, naye akaenda na marafiki, kaptura juu ya mapaja, akajilaza saa tatu katika maji yale yale. Akirudi anawasomea wanawe juu ya sitara. Na siku hizi kuna jicho lisilosahau, ambalo Ghazali hakulijua: simu. Mtu anapigwa picha yuko majini bila ya kujua, na magharibi picha imekwisha fika Bagamoyo.

Wenzangu katika ilimu nao nawalaumu kwa kusema "haramu" kisha wakafunga kitabu. Hukumu ni sahihi kwa ile sura iliyopo. Lakini sura si amri ya mbinguni, ni ramani ya mjenzi, na ramani hubadilishwa.

Kwetu bado kuna nafasi, maana mengi hayajajengwa. Kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Amboni, ziko chemchemi za kiberiti zenye jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Katika mkoa wetu huu wa Pwani iko Luhoi, upande wa Rufiji, ambayo Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania (TGDC) imeiweka miongoni mwa maeneo yake ya kutafuta umeme wa ardhini. Siku visima vitakapotoa maji, hapana shaka atatokea wa kusema: tufanye na mahali pa kukoga, kama Olkaria.

Huo ndio wakati wa kusema, kabla ya saruji kumwagwa. Kamati za misikiti, BAKWATA ya mkoa na vikundi vya akina mama waandike barua kwa halmashauri na kwa kampuni, kwa lugha ya heshima. Waombe mabwawa mawili, au likiwa moja basi siku mbili za juma ziwe za wanawake watupu na wasimamizi wanawake. Waombe mashuka safi mlangoni, la kitovu hadi chini ya magoti kwa mwanamume, na vazi pana lisiloshika mwili kwa mwanamke. Kabati la kufungia simu. Na ngazi yenye kishikio, maana mwenye magoti mabovu haruki. Na ukuta. Wachimbaji hawa hushuka mita 2,000 na 3,000 chini ya ardhi kutafuta mvuke. Ukuta wa matofali wenye kimo cha mtu na nusu hautawashinda.