Gari la waya hupimwa kwenye kona

Mzazi anayemtengenezea mwanawe gari la waya huvutwa kwanza na sura: milango, boneti, taa za visoda. Naona sura ndiyo ikaguliwe mwisho. Gari hili huendeshwa na mtoto aliyesimama, ameshika usukani ulio kwenye ncha ya fimbo ndefu. Basi ubora wake ni mambo mawili: namna linavyotii mkono wa dereva, na kama dereva huyo ataweza kulitengeneza likiharibika.

Anza na magurudumu. Yawe ya ndala kuukuu au ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, tundu lazima liwe katikati. Likikosewa kidogo tu, gari huchechemea. Lisukume kwenye sakafu tambarare bila kugeuza usukani: likienda upande, ekseli imepinda au magurudumu hayalingani. Kisha liendeshe kulizunguka kopo. Waya unaoshuka kutoka usukani hadi ekseli ya mbele hupita kwenye kitanzi. Kikibana, gari halikati kona, na kikilegea, mkono hugeuka lakini magurudumu hayana habari. Halafu pima fimbo: usukani ufike kiunoni mwa mtoto. Magari mengi ya wazazi hukwama hapa, kwa kuwa yamefuata kumbukumbu ya baba badala ya kimo cha mwana.

Yupo atakayesema kuwa gari linalohitaji kutengenezwa kila mara ni bovu. Hapo tutenganishe. Fremu haitakiwi kuyumba: inua kona moja, na ikijipinda, viungo vimefungwa ovyo. Magurudumu yataisha tu, kama tairi za lori lolote. Kinachotakiwa ni yafungwe kwa ukanda wa tyubu ambao vidole vya mtoto vinaweza kuufungua. Mwingine atahofia waya kumchoma mtoto. Hofu hiyo ni ya haki, nayo ni kipimo: pitisha kiganja kwenye fremu nzima, na kila ncha iwe imekunjwa ndani. Gari la plastiki la dukani huenda likang'aa zaidi, lakini ekseli yake ikivunjika, kwa kawaida safari huishia hapo.

Kwa hiyo mpe mtoto gari lenye magurudumu matatu. La nne alikate mwenyewe: akunje mara mbili karatasi ya duara yenye ukubwa wa gurudumu, mikunjo ikutane, aiweke juu ya gurudumu, atoboe hapo. Gari likikata kona, limefaulu.