Asilimia 100 ya Diski: Kompyuta Nzito na Ugonjwa Ambao Kufomati Hakuutibu

Kompyuta ya mezani ikiwa nzito, tiba ya kwanza mitaani kwetu ni kupiga Windows upya. Fundi anafomati, anarudisha programu, mashine inarudi nyumbani nyepesi, na baada ya wiki chache uzito ni uleule. Nimeamua kuichambua kompyuta moja iliyopitia mzunguko huo zaidi ya mara moja, kwa sababu dalili za ugonjwa wake zilikuwa zikionekana wazi kwenye kioo na hakuna aliyezisoma.

Ni mashine ya ofisini iliyonunuliwa mtumba, ya aina inayojaa madukani Kariakoo: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500, na Windows 10. Familia ya dada yangu inaitumia kwa masomo ya watoto, mahesabu ya duka na kuhifadhi picha. Ikishawashwa, kishale kinatembea vizuri, lakini kila unachobofya kinaganda. Mafundi walisema ni virusi.

Kabla ya kugusa chochote nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua Task Manager. Prosesa ilikuwa na kazi ndogo sana na ilikwenda kwa kasi yake ya kawaida, basi hoja ya vumbi na feni ikaondoka: prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, na namba ya GHz hushuka ukiiona. RAM ilikaribia kujaa. Diski ilisimama kwenye asilimia 100.

Namba hiyo hueleweka vibaya. Asilimia 100 haimaanishi diski imejaa, wala haithibitishi kwamba ni mbovu. Maana yake ni kwamba wakati wote kuna kazi inayoisubiri. Diski ngumu ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Ili kusoma kipande kidogo cha data, mkono wa diski husogea kwanza, kazi ya takriban milisekunde 9, kisha husubiri wastani wa nusu mzunguko ili data ipite chini yake. Jumla ni kama milisekunde 13, hivyo visomo visivyofuatana havizidi 75 hivi kwa sekunde. Kila kisomo kikiwa cha KB 4, diski nzima kabisa, yenye uwezo wa kusoma zaidi ya MB 100 kwa sekunde kwenye faili moja refu, itatoa KB 300 tu huku ikionyesha asilimia 100. Kwa hiyo anayeona asilimia 100 pamoja na kasi ndogo na kutangaza papo hapo kwamba diski imekufa, anawahi mno.

Namba inayotenganisha mambo iko kwenye ukurasa wa diski humohumo ndani ya Task Manager: wastani wa muda wa kujibu. Diski nzima iliyoelemewa hujibu kwa makumi ya milisekunde, wakati mwingine mamia. Hii ya dada ilikuwa inavuka sekunde nzima, inashuka, kisha inapanda tena.

Hata hivyo bado kulikuwa na mshukiwa wa pili. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye faili lililo ndani ya diski, na diski hubeba mzigo ambao si wake. GB 4 ni kidogo kwa Windows 10 na kivinjari chenye kurasa nyingi, kwa hiyo shaka hiyo ilikuwa ya haki. Kuitenga ni rahisi: nilifunga kivinjari na programu zote zilizojiwasha zenyewe, RAM ikapata nafasi ya kutosha, nikasubiri. Diski iliendelea kujibu kwa sekunde nzima. Uhaba wa RAM ulikuwepo kweli, lakini haukuwa chanzo.

Kilichobaki ni kuiuliza diski yenyewe. Kila diski ya miaka hii ina mfumo wa kujipima uitwao SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huusoma kwa dakika moja. Mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano kupitia waya wa data, ulikuwa sifuri, basi waya ulikuwa salama. Mstari wa 05, wa sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba, haukuwa sifuri. Mstari wa C5, wa sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua la kuzifanya, ulikuwa umejaa. Event Viewer nayo ilikuwa na safu ndefu ya matukio namba 7 na 153: sekta mbovu, na maombi ya kusoma yaliyorudiwa.

Hapo uzito wote unaelezeka. Diski za mezani zikikutana na sekta isiyosomeka hazikati tamaa upesi. Hung'ang'ania kuisoma tena na tena, pengine kwa sekunde nyingi, na kila ombi lingine linasubiri nyuma.

Na ndiyo maana kufomati kulionekana kuponya. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na sekta yenye shaka ikiandikwa upya, diski huikubali tena au huihamishia kwenye akiba. Kufomati kwa haraka hakugusi sekta hizo, ila mafaili mapya ya Windows huenda yakaangukia sehemu nzima. Kwa vyovyote mashine inatoka dukani nyepesi, na uharibifu unaendelea kusambaa.

Nilinakili picha na mahesabu kwanza. Naomba hili lizingatiwe: wengi hukimbilia kuendesha chkdsk yenye kipengele cha r, ambayo husoma diski nzima na inaweza kuimaliza diski inayokata roho kabla data haijatoka. Kisha ikaingia SSD ya GB 240, inayotumia waya uleule wa SATA. Kwa kuwa SSD haina mkono wa kusogeza, hufanya visomo vidogo makumi ya maelfu kwa sekunde. Windows 10 iliyosimikwa juu yake ilijiamilisha yenyewe, maana leseni yake ya kidijitali hufungamana na mazabodi, haifuati diski. Tuliongeza na RAM ya GB 4, ya pili, kwenye nafasi iliyokuwa wazi.

Anayenunua SSD ya bei ya chini ajue kwamba zipo zinazodanganya ukubwa wake. Programu ya H2testw huijaza diski kwa data na kuisoma tena. Iendeshe SSD ikiwa bado tupu, na ukiwa bado unaweza kuirudisha dukani.

Linalobaki kwa mashine hii halihusu kasi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Nimempendekezea dada Linux Mint, pamoja na LibreOffice kwa ajili ya mahesabu ya duka, na tunaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi kabla ya kuisimika.