Vitenzi Saba vya Colorado

Mwaka 2006 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliulizwa swali fupi: je, sheria ya jimbo irekebishwe ili iwe halali kwa mtu yeyote mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kuwa na wakia moja ya bangi au pungufu? Karibu asilimia 59 walikataa. Tarehe 6 Novemba 2012 jambo hilohilo lilirudi kwao kwa jina la Marekebisho ya 64, na zaidi ya asilimia 55 wakakubali. Katika miaka hiyo sita mengi yalibadilika, kuanzia maoni ya watu hadi idadi ya waliojitokeza kupiga kura, kwani 2012 ulikuwa mwaka wa kumchagua rais. Lakini swali lenyewe nalo lilibadilika umbo, na umbo hilo linastahili umakini uleule tunaouweka katika kusoma shairi.

Swali la 2006 lina tendo moja na mtendaji mmoja. Tendo ni kuwa na bangi, mtendaji ni mtu yeyote. Vipimo vyake ni viwili tu: wakia moja na miaka 21. Ukilimaliza, unabaki na mtu aliyeshika bangi yake, basi. Ni swali la wazi lisiloficha kitu. Hata hivyo, uwazi huo unampa mpinzani uwanja wote, maana kinachojadiliwa ni tabia ya mtu mmoja, na kila mpiga kura anamjua mtu wa namna hiyo au anadhani anamjua.

Swali la 2012 nalo ni sentensi moja, ila ndefu mara kadhaa. Linauliza kama kuwe na marekebisho ya katiba ya jimbo yahusuyo bangi, na kuhusiana na hilo linaongeza vishazi saba, kila kimoja na kitenzi chake. Kuweka udhibiti wa bangi. Kumruhusu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kutumia au kuwa na bangi kwa kiasi chenye mpaka. Kuweka leseni za mashamba, viwanda, maabara za kupimia na maduka. Kuziruhusu serikali za mitaa kudhibiti au kupiga marufuku biashara hizo. Kulitaka bunge la jimbo liweke ushuru kwenye mauzo ya jumla. Kutaka dola milioni 40 za kwanza za ushuru huo kila mwaka ziingie katika mfuko wa ujenzi wa shule za umma. Kulitaka bunge litunge sheria ya bangi ya viwandani, ile inayolimwa kwa ajili ya nyuzi. Hapo ndipo alama ya kuuliza inapotokea.

Tazama mpangilio wake. Vitenzi ni vya aina tatu: kuweka, kuruhusu, kutaka. Viwili vya mwanzo vinapokezana, kisha cha tatu kinashika usukani na kurudiwa mara tatu mfululizo, hata sentensi inayozungumzia uhuru inamalizikia katika wajibu. Na wajibu huo haumwelemei raia. Unalielemea bunge. Mtumiaji wa bangi anatajwa katika kishazi cha pili, baada ya neno udhibiti kumtangulia, na harudi tena. Wanaobaki jukwaani ni wenye leseni, madiwani, wabunge na shule. Vipimo navyo vimehama. Wakia haimo tena kwenye swali. Imo ndani ya marekebisho yenyewe, pamoja na ruhusa ya kupanda miche 6. Swali linataja tarakimu mbili tu, umri wa mtu na dola milioni 40. Zamani kilichopimwa kilikuwa bangi. Sasa kinachopimwa ni fedha.

Ni lazima tuwe waangalifu kuhusu nani wa kumsifu au kumlaumu. Waliopendekeza hoja hawaandiki swali la kura. Huko Colorado kazi hiyo ni ya bodi ya watu watatu wanaotoka ofisi ya katibu wa jimbo, ya mwanasheria mkuu na ya mawakili wa bunge. Tangu 1994 katiba ya jimbo inataka kila hoja iwe na mada moja, na maneno yale ya "kuhusiana na hilo" ndiyo bawaba ya umbo hilo: yanadai kwamba mambo saba ni jambo moja. Ustadi wa wapendekezaji ulikuwa kuandika marekebisho ambayo muhtasari wake, hata ukiandikwa na mkono usioegemea upande, ungesomeka kama mpango wa serikali.

Mpinzani mkubwa wa hoja hiyo alikuwa gavana, John Hickenlooper. Alisema Colorado inajulikana kwa mambo mengi mazuri na bangi haipaswi kuwa mojawapo, akaonya pia kuhusu ujumbe ambao watoto wangeupata. Hofu yake kuhusu watoto ni nzito na sitaidharau. Ila kwa umbo, kauli yake inajibu swali la 2006. Inazungumzia sifa na tabia, wakati karatasi ya kura ilikuwa inazungumzia leseni na ushuru. Pande mbili zilijadiliana bila kukutana, na upande wa hoja ulikuwa na faida moja kubwa: maneno ya mwisho ambayo kila mpiga kura angeyasoma kabla ya kuweka alama.

Kishazi cha sita ndicho chenye kasoro. Sikio linasikia kwamba shule zitapata dola milioni 40 kila mwaka. Sarufi haisemi hivyo. Neno "za kwanza" linapanga foleni tu: kitakachopatikana, hadi kufikia kiasi hicho, kianzie shuleni. Ni mpaka wa juu uliovaa sura ya ahadi. Mwaka 2014, maduka yalipoanza kuuza, ushuru huo haukufika hata nusu ya kiasi hicho. Tena ushuru wenyewe ulihitaji kura nyingine, kwa sababu tangu 1992 katiba ya Colorado inawapa wananchi neno la mwisho juu ya kodi mpya, na hata inaamuru swali la namna hiyo lianze vipi. Basi kura ya Novemba 2013 ilifungua kwa kuuliza kama kodi za jimbo ziongezwe kwa dola milioni 70 kwa mwaka. Lililo chungu lilitangulia. Karibu asilimia 65 walikubali.

Matokeo hayo yananifanya nikatae fundisho jepesi kwamba swali la wazi hushindwa na swali la kuzungusha hushinda. Siku ileile ya 2012, hoja ya jimbo la Oregon, ambayo utangulizi wake ulifika hadi kwa George Washington na kilimo chake cha bangi ya viwandani, ilikataliwa kwa kura zinazozidi nusu. Urefu peke yake haubebi hoja. Kilichoibeba ya Colorado ni kwamba vishazi vyake vilimwonyesha mpiga kura nani atawajibika kwa lipi. Kwa hilo naliona swali la 2012 kuwa bora kuliko la 2006, pamoja na ile ahadi iliyotiwa chumvi.

Lakini vitenzi vyote saba vinatazama mbele. Hakuna hata kimoja kinachogeuka kumwangalia aliyekwisha hukumiwa kwa kosa ambalo kesho yake lisingekuwa kosa. Ndani ya marekebisho yenyewe pia hakuna kifungu cha kufuta hukumu hizo. Msamaha wa jumla kwa hukumu zaidi ya 2,700 ulitolewa na gavana Jared Polis mwaka 2020. California ilipopiga kura yake mwaka 2016, muhtasari wa hoja ulitaja waziwazi kupunguzwa kwa adhabu za zamani na kufutwa kwa kumbukumbu zake, na hoja ikapita kwa asilimia 57. Kishazi cha nane kingeweza kuandikwa Colorado. Jimbo lililopata nafasi ya kuitaja bangi ya viwandani katika swali lake lilikuwa na nafasi ya kuwataja watu hao.